Vipini vya Khanga Kuukuu

"Tema! Tema yote!"

Jirani yangu alikuwa amemshika mwanawe kisogoni, kidole kakiingiza mdomoni mwa mtoto, anachokonoa kipande cha kiazi kitamu. Kiazi chenyewe nilikichemsha mimi. Binti yangu wa miaka minne alikuwa amekivunja akampa mwenzake nusu, kama walivyozoea kugawana tangu wajue kutembea. Mtoto wa watu akatema. Mama yake akamfuta ulimi kwa upindo wa khanga, akafuta tena, akachota maji kwenye ndoo, akamsukutua. Hakunitazama hata kidogo, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale kwenye mlango wa banda langu, barakoa imeshuka kidevuni, glovu mikononi.

Hilo ningelimeza. Nimemeza makubwa kuliko hilo. Lakini binti yangu, nusu yake ya kiazi bado mkononi, aliwaangalia, akawaza kidogo, kisha naye akainama akatema. Alitema chakula cha mama yake. Halafu akaanza kujifuta ulimi kwa gauni, kwa bidii, kama alivyoona mwenzake anavyofutwa.

Hapo ndipo niliposhindwa.

Sikumpiga mtu. Naliandika hili mapema kwa sababu mtaani wanasema nilimrukia. Nilivua glovu nikazitupa chini, nikatoka hadi kwenye ua wa minyaa unaotenganisha nyumba zetu, nikasema kwa sauti ambayo hata wanaopita njia ya bomba waliisikia:

"Dada, leo sema kwa mdomo wako. Mimi ni nani?"

"Unajijua."

"Sijijui. Niambie wewe unayenijua."

Akamnyanyua mtoto wake, akampakata kama kichanga ingawa miguu inaning'inia. "Mchawi," akasema. Alisema polepole, bila hasira, kama mtu anayetaja aina ya mti. Wanawake wawili waliokuwa wanapepeta alizeti upande wa pili waliacha kupepeta. Hakuna aliyesema, "Jamani, hapana." Ndilo nililokuwa nasubiri, nalikiri. Nilisubiri mmoja aseme hapana. Walitazama nyungo zao.

Nilimbeba binti yangu nikaingia naye ndani nikafunga mlango. Nikamwambia kiazi ni kizuri, nikala ile nusu mbele yake. Akaniuliza, "Mama, hutemi?"

*

Ninaishi Mwankoko, pembeni ya mji wa Singida, nyumba ya vyumba viwili ya kupanga, na nyuma yake banda la mabati ambalo mwenye nyumba alikuwa anafugia kuku. Baba wa mtoto alikwenda Itigi kufanya kazi relini akapata huko na nyumba nyingine. Simu yake ni fupi kuliko salamu. "Mtoto hajambo?" "Hajambo." "Haya." Mama yangu yuko Iramba na huwa ananiambia nirudi nyumbani, na akisema hivyo anahamia Kinyiramba, kwa sababu jambo la uzito halisemi kwa Kiswahili.

Sikurudi kwa sababu nilikuwa na kazi yangu. Nataka nieleze hiyo kazi vizuri, maana kila mtu ameshaieleza isipokuwa mimi.

Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa kwenye gereji ya mjini inayotengeneza bampa za malori na kuziba matangi ya maji yaliyopasuka. Pale nilijifunza resini. Ni kimiminika kizito kama asali ya msimu wa baridi, kina harufu inayopanda hadi kwenye macho. Peke yake hakifanyi chochote, kinakaa tu. Ukikitilia matone machache ya hadina, ambayo ndiyo inayokigandisha, basi kinaanza kupata joto chenyewe, bila moto, na baada ya muda ni kigumu moja kwa moja. Hukiyeyushi tena. Ukikosea, umekosea. Nilipopata ujauzito fundi mkuu akaniambia harufu ile si ya mwanamke mwenye mimba, nikaenda nyumbani, na nafasi yangu ikachukuliwa.

Sasa, pale karibu na soko kuna mzee anayefua visu kutokana na springi za magari mabovu. Visu vyake ni vikali, kila muuza kuku anavijua. Tatizo lilikuwa vipini. Singida ina upepo unaokausha hata mate. Kipini cha mti kikilowa damu na mafuta ya kuku, kikaoshwa, kikaachwa juani, wiki chache tu kinachanika, damu inaingia kwenye ufa, kinanuka, kinacheza mkononi. Siku moja nimekwenda kununua kisu nikamsikia akigombana na mteja juu ya ufa. Nikamwambia, "Mzee, nikikuletea kipini cha nguo?"

Alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Nguo, binti? Halafu kisu kikichafuka nikifue?"

Nikaenda nikajaribu. Nilinunua khanga mpya, nikaikata vipande vya ukubwa wa kiganja, nikavipaka resini kimoja kimoja, nikavipanga kimoja juu ya kingine mpaka vikawa kama kitabu kinene, nikavibana katikati ya mbao mbili kwa bolti na nati. Mbao nilizipaka nta ya nyuki kwanza ili zisigande humo. Kesho yake nikafungua, nikachukua msumeno wa chuma, nikakata. Kikaachana. Kurasa zikafunguka zote, katikati pakavu kabisa.

Nililia kidogo, halafu nikakaa nikaitazama. Khanga mpya, kila mwanamke anajua, inakuja na ugumu wake wa dukani. Sisi huku tunaupenda ugumu ule. Khanga nzuri unaiweka sandukuni bila kuifua, hata miaka, ili siku ya shughuli itoke bado inalia inapokunjwa. Ule ugumu ni wanga, na wanga unaizuia resini isiingie kwenye uzi. Kwa hiyo nilihitaji khanga ya namna nyingine: iliyofuliwa mpaka ikalegea, iliyobebea mtoto, iliyofungia kuni, iliyolaliwa. Ile inakunywa resini kama ardhi ya Oktoba inavyokunywa mvua.

Nikajaribu na yangu moja ya zamani. Ikashika. Nilipoanza kuchonga kwa tupa, mistari ikatokea: nyekundu, nyeupe, nyeusi, inajipinda kufuata umbo la kipini, kama ile mistari ya chumvi inayobaki ufukweni mwa Ziwa Singidani maji yakirudi nyuma. Nilipiga msasa mpaka ikang'aa. Nikaikamata kwa mkono uliolowa mafuta makusudi. Haikuteleza.

Mzee alikigeuza kipini, akakigonga kwenye chuma, akakitia kwenye ndoo ya maji, akakisahau humo makusudi mpaka jioni. Alipokitoa akakinusa. Hakucheka. "Hiki leta," akasema, "na ulete vingi." Tangu hapo kila nikifika ananitania: "Fundi nguo, leo umeleta za harusi au za msiba?"

*

Khanga zangu ziliisha haraka. Nikaanza kuomba kwa wanawake wa mtaani, na wa kwanza kunipa alikuwa jirani huyu huyu.

Tulikuwa watu wa karibu. Kanizidi miaka kadhaa, ananiita mdogo wangu, mimi namwita dada. Tulikuwa tunakwenda bombani pamoja, na wakati ninapofanya kazi bandani binti yangu alikuwa anashinda kwake. Hili ndilo jambo kubwa nataka lieleweke. Resini haiwezi kufanywa na mtoto karibu. Hewa yake ni mbaya, na vumbi la msasa linawasha ngozi hata ya mtu mzima. Lazima nifanye asubuhi kabla jua halijapanda, kwa sababu jua la hapa likishika, mchanganyiko unachemka kwenye kopo, unatoa moshi, kopo linayeyuka, na kazi imekwisha. Asubuhi zile mwanangu alikuwa anakunywa uji kwa dada. Bila dada hakuna kipini. Bila kipini hatuna cha kula, ni hivyo tu.

Alinipa khanga yake ya manjano iliyokuwa imefifia hadi kuwa rangi ya ugali wa mtama mweupe. "Chukua hii, mdogo wangu, imenibebea huyu wa kwanza. Unatengeneza nini, keki?" Nikamweleza. Akasema, "Nguo iwe ubao? Haya, na mimi nikuletee ubao unifanyie gauni." Tukacheka. Niliikata siku ile ile.

Baadaye akapata mimba ya pili. Alinionyesha tumbo bombani kabla hajamwambia hata mama mkwe wake. Halafu mimba ikatoka.

Nilikwenda kumpa pole na unga wa uji. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, ameelekea ukutani. Wanawake wengine walikuwepo. Nilipoingia, mama mkwe alichukua shuka akamfunika mpaka kichwani, haraka, kama unavyofunika chakula inzi akitua. Niliacha unga mlangoni. Sikuelewa. Nilifikiri ni desturi ya kwao.

Siku chache baadaye alikuja mwenyewe, bado anatembea kwa kushika kiuno. Hakukaa.

"Mdogo wangu, nirudishie khanga yangu."

"Dada, si nilikwambia? Nimeshaifanyia kazi."

"Niletee hivyo hivyo."

Nikaingia bandani nikamletea. Kilikuwa kibao cha mwisho kilichobaki, ambacho sijakikata bado, kimebanwa, kimekauka, kigumu kama jiwe la kusagia, na pembeni ukitazama unaiona manjano yake kwa mistari. Alikipokea kwa mikono miwili. Akakipima uzito. Akabonyeza kwa kidole gumba, akabonyeza tena, kama mtu anayetafuta mahali laini.

"Hii ndiyo khanga yangu?"

"Ndiyo hiyo."

"Iliyonibebea mtoto?"

"Ndiyo, dada."

"Irudishe iwe nguo."

Nilimjibu ukweli. Mpaka leo sijui ningemjibu nini kingine. Nilisema, "Hairudi, dada. Ikishaganda hairudi tena."

Uso wake ulibadilika taratibu. Alikiweka kibao chini kwa heshima, kama kitu kinacholala, akaondoka. Nikasikia baadaye kwamba alikuwa ameshakwenda kwa mtu mmoja nje ya mji, wa kutazamia, akaambiwa mimba yake imefungwa na mwanamke mwenye nguo yake ya mwilini. Mimi ndiye nikampa ushahidi. Nguo iliyobeba mtoto, imekatwa, imepangwa, imebanwa kwa nati, imekuwa jiwe, na mwenyewe anasema hairudi. Hata mimi nikiisikia hivyo mwili unanisisimka.

Namhurumia. Naliandika hilo na nina hasira naye, na yote mawili ni kweli. Alipoteza mtoto na akataka pawepo mtu wa kuulizwa. Lakini mtu huyo si mimi.

*

Baada ya hapo wakaja mmoja mmoja. "Ile khanga yangu niliyokupa, ipo?" Wengine walituma watoto. Mmoja aliandika ujumbe wa simu: *Naomba nguo zangu tu, sina ugomvi.* Zile nilizokuwa sijakata niliwarudishia. Walizipokea kwa fimbo, jamani. Kwa fimbo. Mwanamke mzima anainua khanga yake mwenyewe kwa ncha ya fimbo ya kuchungia mbuzi, anaitupa kwenye jivu.

Bombani nikifika, foleni inalegea. Hakuna anayenitukana. Wananiachia nafasi tu, kubwa, nachota maji kwa raha kama mke wa mkubwa. Nikisalimia wazee, "Shikamoo," wanaitika, maana hakuna anayethubutu kutoitika, lakini wanaitika wakiwa wameshapita. Nilianza kuongea na redio. Nilianza kumpigia mama Iramba kila jioni nikimdanganya kwamba nimetoka kupiga stori na majirani.

Na binti yangu? Asubuhi nikifanya kazi, nilimketisha mbali, kwenye kivuli cha ua, upande upepo unakotoka ili harufu isimfikie. Nilimwekea vifuniko vya soda na kipande cha khanga. Nilikuwa nachungulia kila baada ya kupaka kitambaa kimoja. Alikuwa anaongea na vile vifuniko. Alivipa majina ya watoto wa jirani. Siku moja nilimsikia akikigombeza kifuniko: "Wewe usile kwao." Nilitupa kopo zima la resini siku ile, kwa sababu mchanganyiko ukianza kuganda haukungoji umalize kulia.

Kwa mzee wa visu ndiko nilikokuwa na mtu wa kuongea naye, na hata yeye siku moja aliinamisha kichwa akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi nguo, hizi za leo ulizipata kwa nani?" Wateja walikuwa wameanza kuuliza. Nikamwambia ni shuka zangu mwenyewe, na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeanza kukata shuka tunazojifunika.

Siku ya kiazi niliyoieleza ilifika baada ya hayo yote. Wale watoto wawili walikuwa wameanza kukutana kwa siri kwenye pengo la minyaa. Nilikuwa nawaona na nikawaacha, nikasema moyoni angalau ana huyo mmoja. Halafu akatemeshwa.

*

Kesho yake asubuhi sikuanza kazi. Nilimvisha mtoto gauni la sikukuu, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ni mzee wa watu, mpole, alikuwa anafunga mzigo wa alizeti kwenye baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Kaa."

Nilimweleza yote. Alisikiliza akiendelea kukaza kamba. Mwisho akasema, "Mwanangu, mambo haya tunayamaliza kinyumbani. Chukua kuku mmoja mweupe, uende naye kwake, useme kama kuna ubaya umeondoka. Ale, nawe ule. Na hayo mambo yako ya nguo uyaache. Si utafute kazi nyingine? Uza hata maandazi."

"Nani atakula maandazi yangu, mzee?"

Akavuta kamba, akafunga fundo jingine.

"Nikipeleka kuku nikasema ubaya umeondoka, nimekiri kwamba ulikuwepo. Kweli si kweli?"

"Unapenda kesi wewe."

"Sipendi. Napenda mtoto wangu acheze."

Akasema yeye hawezi kuandika jambo la mwanamke aliyefiwa na mimba, watu watamwonaje. Akaniambia kama nimeshupaa niende ofisi ya kata. Basi nikaenda ofisi ya kata.

Mtendaji hakuwepo. Karani, kijana wa rika langu, aliniambia, "Dada, uandike mwenyewe, ukiandika mwenyewe hawawezi kusema tumekulisha maneno." Akanipa karatasi na kalamu, akampa mwanangu kiti cha kuzunguka. Wakati naandika alikuwa anazungushwa kule nyuma yangu, anacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akicheka na mtu. Niliandika taratibu ili asiteremshwe. Nilichoandika ni hiki, sijapunguza neno isipokuwa majina:

*Kwa Mtendaji wa Kata.*

*YAH: MALALAMIKO YA KUITWA MCHAWI NA MTOTO WANGU KUTENGWA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa kata hii, mama wa mtoto mmoja, kazi yangu ni kutengeneza vipini vya visu kwa vitambaa na resini. Namlalamikia jirani yangu, ambaye jana mbele ya mashahidi wawili aliniita mchawi, na kabla ya hapo alimtemesha mwanawe chakula alichopewa na mwanangu. Tulifundishwa shuleni kwamba kumwita mtu mchawi ni kosa kisheria. Sijaja kuomba afungwe. Amepoteza mimba, na ninampa pole hapa kwa maandishi kwa kuwa nilipokwenda kumpa kwa mdomo alifunikwa shuka nisimwone.*

*Ninaomba haya. Aitwe, nami niitwe, pamoja na wale wote walionipa khanga. Niruhusiwe kuja na vifaa vyangu na kukifanya kipini mbele yenu hapo nje ya ofisi, tangu kitambaa hadi kigumu, hata kikilala ofisini hadi kesho yake, kwa nguo yangu mwenyewe niliyoivaa, ili kila mtu aone kinachofanyika na aulize anachotaka. Baada ya hapo, anayesema mimi ni mchawi aseme mbele yako na aandikwe.*

*Ninaomba pia itamkwe katika mkutano wa mtaa kwamba chakula cha nyumbani kwangu ni chakula, na kwamba mtoto wangu si wa kutengwa. Hili kwangu ndilo la kwanza, ingawa nimeliandika mwisho.*

*Mwenyekiti wa mtaa alinishauri nipeleke kuku na niache kazi. Nimekataa yote mawili.*

*Naomba siku mtakayopanga iwe asubuhi mapema, kwa sababu jua likipanda resini inaharibika. Nitakuja na mtoto. Sina wa kumwachia.*